Mjadala: Kisukari cha aina ya pili kinapona, au kinapoa tu?

Mizani (mleta mada)

Wakuu, hoja yangu ni moja. Neno "kupona" lifutwe kwenye maelezo yote wanayopewa wagonjwa wa kisukari cha aina ya pili. Makubaliano ya wataalamu wa kimataifa ya mwaka 2021 yanataka HbA1c (kipimo cha damu kinachotumika kukadiria wastani wa sukari wa miezi kama mitatu) iwe chini ya 6.5% angalau miezi mitatu baada ya kuacha dawa zote za sukari, na hata hapo hayasemi mtu amepona. Kiswahili kina neno lake tayari: ugonjwa umepoa. Kilichopoa huweza kupata moto tena. Anayeambiwa "umepona" haendi tena kupimwa macho, haendi kupimwa protini kwenye mkojo, na sukari inarudi kimyakimya huku mishipa midogo ikiharibika. Nani anapinga?

Kongosho

Mimi. Tuangalie kwanza kinachotokea ndani ya mwili, neno litafuata.

Mtu akila kupita anachotumia kwa miaka, mafuta yanajaa kwenye ini. Ini lenye mafuta halisikii insulini, kwa hiyo linamwaga sukari usiku kucha. Kongosho linaongeza insulini, na insulini hiyo nyingi inalisukuma ini litengeneze mafuta zaidi. Mafuta yanasafiri na damu mpaka kwenye kongosho lenyewe, na seli beta, zile zinazotengeneza insulini, zikizidiwa zinagoma. Zinagoma, hazijafa zote. Mtafiti Roy Taylor na wenzake wa Chuo Kikuu cha Newcastle, Uingereza, walilionyesha hili mwaka 2011 kwa mlo wa kalori 600 hivi kwa siku, wiki nane. Sukari ya kabla ya kula ilirudi kawaida ndani ya siku saba, mafuta ya ini yakiwa yameanza kutoka. Msukumo wa kwanza wa insulini, ule wa haraka sukari inapoingia kwenye damu, ukarudi polepole mpaka wiki ya nane. Seli iliyorudi kazini kwangu imepona. Na ule utafiti wa DiRECT wa Uingereza, wa kupunguza uzito kwa mlo wa kalori chache, nusu ya watu walipona kabisa. Mnachoogopa ni nini hasa, wagonjwa kuwa na matumaini?

Halafu hilo "kupoa" lenu: donda likipoa, Mswahili anajua limepona. Hamjatatua kitu.

Takwimu Kwanza

Hiyo "nusu" ilikuwa 46%, na ni ya mwaka wa kwanza. Kwenye kundi la matibabu ya kawaida waliopoa walikuwa 4%. Mwaka wa pili ikawa 36%. Mwaka wa tano, kati ya watu 85 wa kundi la mlo walioendelea kufuatiliwa, 11 tu ndio waliokuwa bado wamepoa, yaani 13%. Usikatie takwimu pale zinapokupendeza.

Tena walioingia walichujwa: ugonjwa usiozidi miaka sita, hawatumii insulini, BMI (uzito ukilinganishwa na urefu) kati ya 27 na 45. Mwaka ule wa kwanza, waliopunguza kilo 15 au zaidi, 86% walipoa. Kinachoamua ni kilo, na kilo zinarudi. Kilichopona hakisubiri uzito urudi ili nacho kirudi.

Kongosho

Mvunjika mguu akivunjika tena mwaka wa tano, utasema mara ya kwanza hakupona? Na hiyo BMI 27 isitumike kuwafungia watu mlango. Taylor huyo huyo baadaye alijaribu na watu wenye BMI ya 21 hadi 27. Walikuwa 20, na 14 walipoa. Kila mwili una kiwango chake cha mafuta unachoweza kubeba. Mwembamba naye anaweza kuwa amepita chake.

Takwimu Kwanza

Watu 20. Sawa.

Mshauri wa Lishe

Mnabishania neno na hakuna aliyesema linafanywaje, wakati msomaji anaweza kutoka hapa akaanza kujinyima chakula leo usiku.

Kwenye DiRECT mlo wa kawaida uliondolewa wote, watu wakapewa vinywaji na supu za unga zenye virutubisho kamili, jumla ya kalori 825 hadi 853 kwa siku. Muda ni wiki 12, ikibidi mpaka 20. Kisha chakula kinarudishwa hatua kwa hatua, wiki mbili hadi nane, halafu ufuatiliaji wa kila mwezi. Dawa za sukari na za shinikizo la damu zilisimamishwa siku ya kwanza, chini ya uangalizi, na kulikuwa na utaratibu wa kuzirudisha vipimo vikipanda.

Hapo ndipo watu wanapoumia wakijifanyia wenyewe. Anayekunywa glibenklamidi au gliklazaidi akakata chakula bila kugusa dawa, sukari yake inaporomoka, maana vidonge hivyo vinalikamua kongosho litoe insulini hata kama hajala. Anayetumia jamii ya gliflozini, dawa zinazotoa sukari kwa njia ya mkojo, hatari yake ni nyingine: damu inajaa asidi ya ketoni huku sukari ikionekana nzuri kwenye kipimo cha kidole, kwa hiyo anatapika, anahema kwa nguvu, na anaambiwa sukari iko sawa. Wa dawa za shinikizo akisimama ghafla anaanguka. Uzito ukishuka kwa kasi, mawe kwenye kibofu cha nyongo nayo yanajitokeza.

Ukifanya kwa utaratibu, miezi mitatu baada ya dawa ya mwisho unapima HbA1c na yeye ndiye hakimu. HbA1c haidanganyi.

Tyubu Zambarau

"HbA1c haidanganyi." Mshauri, yote uliyoandika juu ni sahihi, lakini sentensi hiyo ya mwisho siwezi kuiacha ipite.

HbA1c haipimi sukari. Inapima ni sehemu gani ya hemoglobini, protini ya chembe nyekundu inayobeba oksijeni, imeng'ang'aniwa na sukari kwenye ncha ya mnyororo wa beta. Ili namba iwe na maana, chembe nyekundu lazima iwe imeishi siku zake za kawaida, kama 120. Chembe ikifa mapema haipati muda wa kukusanya sukari, na namba inashuka hata kama sukari ya damu haijashuka hata kidogo. Aliyepoteza damu nyingi juzi, aliyeongezewa damu, mwenye chembe zinazopasuka, anayechomwa erithropoietini (homoni ya kuongeza chembe nyekundu) kwa ajili ya figo: wote hao wanasoma chini. Mwenye upungufu wa madini ya chuma yeye anasoma juu.

Na kuna G6PD, jeni ya kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu. Utafiti wa mwaka 2017 ulionyesha kwamba aina ya jeni hiyo inayopatikana zaidi kwa watu wenye asili ya Afrika inashusha HbA1c kwa karibu pointi 0.8 kwa wanaume wanaoibeba. Mtu huyo akisoma 6.2%, sukari yake ni ya mtu wa 7.0%. Wewe umeshamwandikia amepoa, na Kongosho amemwandikia amepona.

Mshauri wa Lishe

Nilizungumza kwa ujumla. Mwenye selimundu kila mtu anajua hapimwi hivyo. Nimeandika aya nzima ya kuokoa watu wasianguke na wewe umechukua maneno mawili ya mwisho ukayafanya mada.

Tyubu Zambarau

Dada, sikudharau kazi yako. Ila selimundu kamili ndiyo kesi rahisi. Mwenye SS, yaani jeni mbili za selimundu, karibu hana hemoglobini A (ile ya kawaida) ya kupima, hivyo namba yoyote inayotoka haina maana na maabara makini inaikataa. Tabu iko kwa AS, anayebeba jeni moja, hana dalili, na mara nyingi hajui. Mwaka huo huo wa 2017 ilichapishwa kazi juu ya Wamarekani weusi: wenye AS walisoma kama pointi 0.3 chini ya wasiokuwa nayo, sukari ikiwa sawa.

Makosa hapa ni mawili tofauti na watu wanayachanganya. Kosa la kwanza ni la mashine. Inayotenganisha hemoglobini kwa chaji inaonyesha kilele cha ziada cha S, hemoglobini ya selimundu, kwenye mchoro. Mtaalamu akiuangalia mchoro anaona, akinakili namba peke yake haoni. Inayotumia kingamwili inatambua mwanzo wa mnyororo wa beta, na badiliko la S liko nafasi ya sita, karibu na hapo, kwa hiyo baadhi zinayumba. Inayotumia boroneti inanasa hemoglobini yoyote iliyoshikwa na sukari, haijali aina, ndiyo yenye afadhali. Kosa la pili ni umri wa chembe, na hakuna mashine inayolirekebisha, hata hiyo ya boroneti.

Kongosho

Sasa naomba mleta mada arudi. Kipimo kinachobeba ufafanuzi wenu wote kinayumba kwa pointi 0.8, na mstari wenu ni 6.5. Hata hilo "kupoa" hamna msingi nalo.

Mizani (mleta mada)

Unaruka. Kama kipimo kinayumba, hiyo ni sababu kubwa zaidi ya kutotamka "umepona". Hoja yangu imepata nguvu.

Takwimu Kwanza

Makubaliano yale ya 2021 yaliliona hilo. HbA1c isipoaminika, unatumia sukari ya kabla ya kula, chini ya milimoli 7.0 kwa lita, au wastani unaokokotolewa na kipimo cha kubandika mwilini, uwe sawa na chini ya 6.5%. Msingi upo. Someni mpaka mwisho.

Zamu ya Usiku

Na hiyo sukari ya kabla ya kula mnaiamini kwa sababu gani?

Damu ikishatoka mshipani haijafa. Chembe zinaendelea kula sukari iliyomo kwenye tyubu, 5 hadi 7% kila saa kwenye joto la chumba, na zaidi chembe nyeupe zikiwa nyingi. Chukua mtu mwenye 7.4 ya kweli. Sampuli ikae saa mbili kwenye kikapu ikisubiri mhudumu wa kuipeleka: inasomwa 6.5. Mgonjwa wa kisukari ametoka na cheti cha kuwa mzima, mashine haina kosa, mpimaji hana kosa.

Mshauri wa Lishe

Si ndiyo maana kuna tyubu ya kifuniko cha kijivu? Ina floraidi, inazuia hilo.

Zamu ya Usiku

Inazuia kwa kuchelewa. Floraidi inafunga enolesi, kimeng'enya kilicho karibu na mwisho wa njia ya kuvunja sukari. Vya mwanzo vinaendelea kuivuta, na kwa saa moja mpaka mbili za kwanza, ambazo ndizo muhimu, sukari inashuka karibu kama hakuna kitu. Baada ya hapo ndipo inatulia. Kinachozuia haraka ni asidi ya sitrati, maana inagusa hatua ya kwanza kabisa. Kama tyubu ya sitrati haipo, weka sampuli kwenye barafu iliyochanganywa na maji mara tu inapochukuliwa, zungusha kwenye mashine na utenganishe plazma ndani ya dakika 30. Mabonge ya barafu bila maji hayatoshi kwa sababu yanagusa tyubu sehemu chache tu. Na mwenye tyubu ya sitrati aigeuze taratibu mara kumi hivi. Isipochanganyika vizuri, sehemu ya damu haijapata dawa.

Tyubu Zambarau

Hili la barafu na maji nilitaka kuliandika. Asante.

Jicho Makini

Nimesoma kuanzia juu na macho yametajwa mara moja, na mleta mada. Sukari ikishuka kwa kasi baada ya kukaa juu kwa miaka, retina (utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga) iliyokuwa tayari na madhara inaweza kuharibika zaidi miezi ya mwanzo. Lilionekana tangu utafiti wa DCCT wa kisukari cha aina ya kwanza, uliochapishwa 1993, na likajitokeza tena kwenye majaribio ya semaglutide, dawa ya sukari ya kuchoma, mwaka 2016. Faida ya muda mrefu ipo palepale, ila picha ya retina ipigwe kabla ya kuanza mlo huo wa kalori 825. Mshauri, liongeze kwenye hatua zako, liwe la kwanza.

Mshauri wa Lishe

Naliongeza. Hilo nilistahili kulisema mwenyewe.

Kongosho

Nami nitasema langu. Neno "kupona" nililishika kwa sababu kwa miaka mingi wagonjwa waliambiwa ugonjwa huu ni wa kuteremka tu, dawa ziongezwe mpaka insulini, na hilo si kweli kwa wote. Mkiandika "umepoa" bila kueleza kwamba seli zimerudi kazini kwa sababu mafuta yametoka, mgonjwa hataelewa kwa nini kilo ndizo za kulindwa. Andikeni sababu, neno nitawaachia.

Mizani (mleta mada)

Kwa hiyo faili lisomeke namna gani? Pendekezo langu: umepoa, tarehe ya dawa ya mwisho, uzito wa siku hiyo, HbA1c na sukari ya kabla ya kula kwa pamoja, tarehe ya picha ya retina. Vinarudiwa angalau kila mwaka, pamoja na figo, miguu na shinikizo la damu.

Tyubu Zambarau

Ongeza aina ya mashine iliyotumika kwa HbA1c, kwa sababu mgonjwa akihamia kwingine na namba ikaruka, la kwanza kuuliza ni hilo. Na vile vipimo viwili visipokubaliana, msiandike kitu bado. Chukueni fruktosamini, kipimo cha sukari iliyoshika protini za damu, inasoma wiki mbili hadi tatu za nyuma na haitegemei chembe nyekundu.

Zamu ya Usiku

Isipokuwa anayepoteza albumini, protini kuu ya damu, kwenye mkojo. Huyo fruktosamini yake nayo inasoma chini, hivyo mkojo upimwe kwanza.