Malori ya msafara: breki ya dharura, la mbele lijiokoe au lisubiri la nyuma?

Mleta mada: Wakuu, 2018 kule Ujerumani watengeneza malori MAN na kampuni ya usafirishaji DB Schenker waliingiza malori mawili kwenye barabara ya A9, Munich na Nuremberg, yanafuatana mita 15 mpaka 21 wakati sheria yao inataka lori liache 50. La mbele likigusa breki la nyuma linapata taarifa hapohapo kwa redio, linafunga lenyewe. Lengo ni kukwepa upepo, mafuta yapungue. Sasa foleni imesimama ghafla mbele, la kwanza lifunge breki zote au lijibane, yaani lifunge kidogo kidogo, lisije likaparamiwa na la nyuma? Mi nasema lijibane.

Wa tela: Lijibane halafu familia iliyo kwenye gari dogo pale mbele ife? Hapana kaka. Aliye mbele anafunga zote, wa nyuma ndo wanatakiwa wakae mbali, mbona ndo tulivyofundishwa.

Fundi: Tupige hesabu kwanza. Spidi 80 ni mita 22 kila sekunde, binadamu akizubaa sekunde moja zimeliwa, redio ikichelewa sehemu ya kumi ni mita 2 na kidogo, hapo mashine katushinda kweupe. Ila redio haibadilishi pedi wala tairi!! Lenye breki nzima linasimama kwa mita 41, lililochoka linataka 49, tofauti 8, weka na zile 2 za kuchelewa, uliacha 10? Ushagonga.

Mleta mada: Si lenye breki dhaifu likae mbele basi, au la mwisho lianze kufunga kabla ya la mbele.

Fundi: La mbele likisubiri sehemu mbili za kumi limetembea mita 4 na nusu bila breki, na anayezilipa ni huyo wa gari dogo. Na dhaifu ni nani? Shusha mzigo nusu njiani, mvua inyeshe, mpangilio wa asubuhi umekufa.

Wa tela: Na mjue faida yenyewe. Wajerumani walipata asilimia 3 hadi 4 ya mafuta, jaribio la Uingereza likaja na nusu asilimia, Daimler, nao watengeneza malori, walishajitoa kwenye misafara hii 2019. Nusu asilimia ndo unibanie breki?

Mleta mada: Sawa, la mbele lifunge zote, hapo nimekubali. Ila nafasi ipimwe kwa breki mbovu kuliko zote, mita zikifika 30 na zifike. Fundi, kwenye 30 upepo bado unakatika au tunabaki na redio tu?