Namna ya kufurahia baiskeli asubuhi za kipupwe hapa Tabora

Mkazi wa Kwihara:

Shikamooni wakubwa, na wenzangu hamjambo. Ninaishi Kwihara na kazi yangu iko mjini, kwa hiyo hutoka nyumbani saa 12:00 asubuhi kwa baiskeli. Kuanzia Juni hadi Agosti safari hiyo hunishinda. Kwetu magharibi jua huchelewa, na mwezi Julai huchomoza karibu saa 1:00, hivyo sehemu kubwa ya njia naipita gizani, vidole vikiwa vimekufa ganzi na macho yakitoka machozi kwa upepo. Ajabu ni kwamba nikifika mjini sweta langu zito huwa limelowa jasho, na nikikaa kazini baridi hunirudia upya. Mama yangu ananionya kila siku kwamba nitapata kichomi. Wiki mbili hizi nimekuwa nikipanda bodaboda, lakini naiona baiskeli yangu imeegemea ukutani na moyo unanisuta, kwa sababu ninaipenda kweli. Sitaki kufundishwa kuvumilia tu. Nataka kujua wenzangu mnaoufurahia msimu huu mnafanyaje.

Mzee wa Keria:

Marahaba, mwanangu. Kwa miaka mingi nilibeba madumu ya asali kwenye keria kutoka Sikonge hadi Tabora mjini, na nakuambia kwa dhati kwamba hakuna miezi ninayoipenda kama hii. Masika udongo wa mbugani hunasa kwenye madigadi mpaka gurudumu linakataa kuzunguka, na Oktoba joto humfanya mtu atafute kivuli cha mwembe kabla hajafika popote. Julai barabara ni kavu, hewa ni nyepesi, na maji ya chupa moja yanakutosha safari nzima.

Tatizo lako la kwanza ni hilo sweta. Sufu iliyofumwa kwa matundu hupitisha upepo kama chekeche, kisha ukipata joto inakulemea. Sisi tulikuwa tunaweka kurasa mbili tatu za gazeti kifuani, kati ya fulana na shati, kwa kuwa karatasi huzuia upepo kabisa na haina uzito. Ukishapata joto unasimama, unaichomoa, unaikunja na kuiweka kwenye keria. Mikononi vaa glovu, hata za pamba, kwa sababu mkono ulioganda hauwezi kukamata breki sawasawa, na gizani breki ndiyo uhai wako. Taa ya mbele na kiakisi cha nyuma visikosekane.

Jambo jingine, tafadhali usikubali fundi akumiminie oili chafu ya gari kwenye mnyororo. Vumbi la kiangazi likiingia kwenye oili hiyo linakuwa msasa, na meno ya friwili, yaani gia ya gurudumu la nyuma, yanakwisha mapema. Futa mnyororo kwa kitambaa kikavu kila Jumamosi, tia tone moja moja la oili safi, zungusha pedali kinyumenyume, kisha futa tena ile iliyobaki juu.

Muuguzi Mstaafu:

Naomba nimtulize mama. Kichomi huletwa na vimelea vinavyoshambulia mapafu, wala hakiletwi na upepo unaopiga kifua. Tahadhari ya kweli inamhusu mwenye pumu, maana hewa baridi na kavu, ikichanganyika na vumbi, inaweza kubana njia zake za hewa. Mtu huyo aanze polepole, avute pumzi kwa pua, afunge kitambaa chepesi puani na mdomoni, na dawa yake ya kuvuta iwe mfukoni. Midomo ikipasuka, mafuta ya mgando yanatosha.

Mnyamwezi Ughaibuni:

Nimezaliwa Tabora na sasa ninasoma Oulu, kaskazini mwa Finland, mji ambao mwaka 2013 ulikuwa mwenyeji wa kongamano la kwanza la kimataifa la uendeshaji baiskeli wakati wa baridi. Huku siku fupi kabisa za Desemba mchana hudumu kwa muda wa takriban saa tatu na nusu tu, na kipimojoto kinaweza kushuka hadi nyuzi 20 chini ya sifuri, lakini asubuhi nakutana na watoto wakienda shule kwa baiskeli juu ya theluji iliyoshindiliwa. Sikuamini macho yangu mwaka wa kwanza. Tairi zao nyingine zina vijino vya chuma vya kuzuia utelezi kwenye barafu, kitu ambacho wewe huna haja nacho, ila yapo mambo mawili niliyojifunza kwao ambayo yangenisaidia sana enzi zangu za Tabora.

La kwanza, ukitoka mlangoni unapaswa kuhisi baridi kidogo. Ukitoka ukiwa na joto la kutosha, umevaa kupita kiasi, kwa kuwa baada ya dakika kumi mwili wenyewe utazalisha joto na jasho litaanza. La pili, nguo ya ndani isiwe pamba nzito, kwa maana pamba hushika maji na kukaa nayo. Vaa fulana nyepesi ya michezo, na juu yake jaketi jembamba la nailoni lenye zipu, ambalo mitumbani halikosekani. Zipu hiyo ndiyo dawa: unaishusha kila unapohisi joto, kabla hujalowa. Chukua fulana kavu kwenye mfuko, ubadilishe ukifika.

Mkazi wa Kwihara:

Nawashukuru sana. Leo nimetoka na kurasa za gazeti kifuani, jaketi la nailoni juu, na matobolwa (viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa) mfukoni ya kutafuna njiani. Dakika kumi za mwanzo zilikuwa ngumu, kisha nikashusha zipu, na kulipopambazuka nikaona moshi wa majiko umetanda chini ya miembe, nikapunguza mwendo kwa hiari yangu. Nimefika mkavu. Limebaki swali moja, Mzee wangu: jioni nikirudi upepo hunipiga usoni na njia ina mchanga, nifanye nini?

Mzee wa Keria:

Punguza upepo kidogo kwenye tairi ili zikanyage mchanga badala ya kuuchimba, inama juu ya usukani, na usishindane na upepo wa kusi. Panda saa 11:00 badala ya saa 9:00, kwa sababu jioni upepo huwa unatulia.