Tupeane uzoefu: sherehe ya mahafali nyumbani, wageni kibao, na mbwa asiyetaka kufungiwa

Dada wa Kahawa

Sasa wasee. Kijana wetu wa mwisho, Kevo, anafuzu mwezi huu na hapa nyumbani Kahawa West ni kama kuna harusi. Kamati iko, grupu la wasapu liko, anti mmoja ameshajiteua mwenyekiti na mweka hazina pamoja, yaani pesa inatumwa kwake na ukiuliza imeenda wapi unamuuliza yeye tena. Tenti moja, viti themanini, mbuzi wawili, pilau, mukimo kwa sababu ya wazee, keki yenye umbo la ile kofia ya mraba. Hayo yote sina shida nayo. Shida yangu ni Bosco.

Bosco ni mbwa wetu, ana miaka kumi na moja, jicho moja limeingia ukungu, na getini bado kuna kile kibao cha MBWA KALI tulichopaka rangi 2014 lakini ukweli ni kwamba siku hizi hata muuza maziwa anamruka tu akipita. Sasa Kevo hataki kusikia eti afungiwe. 2020 shule zilipofungwa Kevo alikuwa kidato cha nne, mtihani ukasukumwa hadi mwaka uliofuata mwezi wa tatu, na hiyo miezi yote alisomea jikoni usiku kwa sababu sebuleni kulikuwa na TV, Bosco akilala juu ya miguu yake kama blanketi. Kwa hivyo anasema chuo kimetoa kadi mbili za wageni, moja ya mathee moja ya buda, sawa, lakini picha ya nyumbani Bosco lazima awe ndani. Mathee naye anasema picha ya kutundika ukutani haiwezi kuwa na mbwa, wageni watasema nini. Mimi niko katikati kama mfupa wa kidari.

Waliowahi kufanya sherehe na wanyama wakiwa nyumbani, mbwa, paka, kuku, chochote, ilienda aje? Na hii baridi ya Julai mlifanyaje? Tupeane.

Ghorofa ya Nne

Wacha nikupe ya mbuzi kwanza ndio ujue wewe na Bosco mko sawa.

Mimi nilifuzu 2018, tulikuwa tunakaa Umoja, ghorofa ya nne. Baba akasema nyama ya buchari ni ghali na huwezi jua imelala siku ngapi, akaenda soko la mbuzi la Kiamaiko siku mbili kabla akanunua mbuzi mzima, elfu nane na mia tano, akampandisha ngazi usiku keateka akiwa amelala. Tukamfunga kwenye balkoni kati ya mtungi wa maji na kamba ya kuanika nguo. Asubuhi watoto wa dada yangu wameamka, wamemwona, wamempa sukuma wiki, na kufikia saa nne tayari ana jina. Wamemuita Digrii.

Hapo ndio makosa yalianzia. Usiache mtoto ampe jina kitu mnataka kula.

Jioni hiyo mama amepiga pasi nguo zote ameziweka juu ya kochi, na kadi za mwaliko ziko mezani ndani ya bahasha. Mtoto mmoja amefungua mlango wa balkoni ili Digrii aone katuni. Nilipotoka kuoga mbuzi amesimama kwenye kapeti, TV inamulika macho yake, anatafuna polepole na kona ya kadi ya dhahabu imebaki nje ya mdomo. Hakutafuna kadi ya mama. Alitafuna ya baba, yeye aliyemnunua!

Siku yenyewe baba alibaki nje ya geti na suti yake, pale kwa wauzaji wa yale mataji ya kumetameta na wapiga picha wa papo hapo, akanunuliwa chai na mama mmoja wa maua, na alisikia jina langu kupitia spika za ndani akiwa ameshika mandazi. Anasema yeye alisikia vizuri kuliko mama aliyekuwa ndani.

Na Digrii hakuchinjwa, watoto walilia hadi jirani wa chini akaja kuuliza kuna msiba. Tulienda soko la nyama la Burma tukanunua nyama kama watu wengine, na Digrii akapelekwa Machakos na gari la Probox. Mwisho kusikia alikuwa amezaa mara tatu, kumbe ni jike, baba hakuwa ameangalia.

Baba Mapacha

Sisi tulifungia mbwa bafuni. Choo kiko humo humo bafuni. Wageni arobaini. Sitaki kuongea zaidi.

Daktari wa Kabete

Dada wa Kahawa, mimi ni daktari wa mifugo, kwa hivyo nitaongea kikazi kidogo halafu nipige stori.

Mbwa wa miaka kumi na moja mwenye jicho bovu anategemea pua na masikio, na siku hiyo utamharibia vyote viwili: spika huku, watu themanini huko, moshi wa makaa. Mtembezeni mapema, kama saa kumi na mbili asubuhi kabla wenye tenti hawajafika, achoke. Halafu awe na chumba cha nyuma mbali na dijei, mumwekee maji na shati la Kevo ambalo halijafuliwa. Nasisitiza, halijafuliwa. Mtoeni wakati wa picha tu, arudi. Na teueni mtu mmoja wa kumwangalia, kwa sababu mkisema sote tutamwangalia hakuna atakayemwangalia.

Chakula sasa. Kila mjomba anadhani anampenda mbwa akimrushia mfupa wa mbuzi choma. Mfupa uliochomwa unapasuka vipande vyenye ncha na nimewahi kuvitoa kwenye koo za mbwa Jumapili usiku zaidi ya mara moja. Pilau na kachumbari zina vitunguu, kitunguu kinaharibu damu ya mbwa. Keki ya chokoleti hapana kabisa. Kama mnataka naye asherehekee, mchemshieni nyama kidogo bila chumvi, bila kitu. Na angalieni kadi yake ya chanjo ya kichaa cha mbwa kama ni ya mwaka huu, maana siku ya watoto wengi ndiyo siku ya mtoto mmoja kuvuta mkia.

Jambo lingine, hilo gauni la mahafali la kukodi limevaliwa na watu hamsini kabla yake, lina harufu zao zote. Usishangae Bosco asipomtambua mwenye gauni.

Stori yangu: miaka mitano ya kozi, nimevaa joho, nimerudi kijijini kwetu, shosho ananiuliza, "Kwa hivyo wewe ni daktari wa watu ama wa ng'ombe?" Nikamwambia wa wanyama. Akafikiria. Akatoka. Nikadhani amekasirika. Kumbe ameenda kuita majirani, na kabla keki ikatwe kulikuwa na laini nje ya boma, ng'ombe wawili, punda anayechechemea, na mama mmoja na kuku kwenye kikapu eti hatagi tangu Pasaka. Picha zangu za mahafali nyingi nimeinama nyuma ya ng'ombe, joho limekunjwa kiunoni.

Msema Kweli

Mimi na heshima zote, mambo ya kupiga picha na mbwa ni ya wazungu. Mbwa ni wa kulinda. Watu wamelipa karo kwa jasho mnaleta mbwa kwa picha.

Dada wa Kahawa

@Msema Kweli sawa baba, lakini huyu alilinda pia. 2019 watu waliruka ua usiku na ni yeye aliyewatoa, bado ana kovu la panga kwa bega. Mbona mlinzi asipate hata picha?

Msema Kweli

Kama ana kovu la panga hiyo ni kesi tofauti. Mpigeni picha.

Mkenya wa Minnesota

Nyinyi mnalia baridi, huku mahafali ya watoto wa sekondari ni mwanzo wa Juni, theluji imeisha, watu wametoka nje kama mchwa baada ya mvua, jua linazama saa tatu usiku. Binti yangu alimaliza mwaka jana. Huku wanafanya kitu kinaitwa open house, unafungua gareji, unaweka meza, unabandika picha za mtoto tangu azaliwe, watu wanakuja na kuondoka. Mzungu anafika saa nane kamili kama kadi ilivyosema, anakula, anaacha bahasha, saa tisa ameenda. Wakenya wenzangu walifika saa kumi na mbili wakati kadi inasema mwisho ni saa kumi na moja, na ndio wakaanza kuuliza nyama iko wapi. Ndio nikawasha jiko upya.

Tuna paka, anaitwa Waziri kwa sababu hafanyi kazi na anakula vizuri. Majirani wote walileta mbwa zao kwenye kamba, watatu, na Waziri akapanda juu ya gareji akakaa hapo sherehe nzima. Tulimpigia shosho video Nairobi ili aone mjukuu, yeye huko ni usiku mkubwa, amevaa sweta tatu na leso kichwani, sisi huku tuko na tisheti. Akaangalia, akaangalia, akasema, "Huyo paka atashukaje?" Mjukuu na maua yote shingoni, yeye ameona paka tu.

Alishuka mwenyewe saa nne usiku aliposikia mkebe wa samaki ukifunguliwa.

Njia ya Karura

Kama shida ni picha, msipigie nyumbani. Pelekeni Bosco msitu wa Karura, mbwa wanaruhusiwa wakiwa kwenye kamba, na asubuhi ya Julai kuna ukungu kati ya miti hadi unadhani uko kwa filamu. Mimi nilienda na mbwa wangu na marafiki watatu wa darasa, gauni zikiwa chini ya makoti. Chungeni tu vitafunio, kima wa pale hawana adabu. Mmoja alishuka akachukua pakiti nzima ya samosa mbele ya macho yetu, mbwa wangu akaenda nyuma ya miguu yangu. Shujaa kweli.

Na kuna kitu nilipenda kuhusu kupigia picha pale. Wangari Maathai alipata PhD yake Chuo Kikuu cha Nairobi 1971, mwanamke wa kwanza Afrika Mashariki na Kati, na unajua alikuwa idara gani? Anatomia ya mifugo. Halafu ni yeye huyo aliyeenda kusimama mbele ya askari mwisho wa miaka ya 90 msitu usigawiwe wajenzi. Nikajiambia mimi na degrii yangu ya biashara na mbwa mwoga, angalau tuko mahali pazuri.

Daktari wa Kabete

Sisi wa mifugo hiyo hatuchoki kuisema.

Bedsita ya Roysambu

Yangu ni fupi. Nilifuzu 2020, ya mtandaoni, kwa sababu ya korona. Nilikuwa peke yangu, nimevaa shati la juu na suruali ya kulalia, laptopu juu ya ndoo, bando la mia. Nimemwita paka wa ploti aingie ili nisiwe pekee. Majina yakasomwa, karibu yafike kwangu paka akapita juu ya kibodi, sauti ikapotea. Nilipoirudisha walikuwa wameshafika kwa herufi nyingine. Mama alipiga simu kutoka Kitale akiuliza umesikia, nikamwambia nimesikia.

Hadi leo hajui. Huyo paka nilimhamisha naye nilipopata kazi.

Dada wa Kahawa

@Bedsita pole na hongera, zote mbili zimechelewa lakini chukua.

Shemeji wa Dagoretti

Ushauri wa haraka kuhusu gauni: nyeusi na manyoya ya mbwa mweupe hazipatani, na mkichelewa kurudisha mnakatwa kwa siku. Nunueni seloteipu pana.

Dada wa Kahawa

Nimerudi. Samahani kwa kunyamaza, tulikuwa bado tunaosha sufuria.

Manyunyu tangu asubuhi. Viti themanini, watu kama mia na thelathini, waliokosa wakakaa kwenye mawe ya jirani aliyekuwa anajenga. Bosco tulimtembeza alfajiri hadi reli na kurudi, akalala chumba cha nyuma juu ya shati la Kevo, dijei hakumsumbua, nafikiri masikio pia yanaenda pole pole. Mlinzi wake alikuwa Msema Kweli. Ndio, huyo huyo, kumbe anakaa Githurai, alikuja na kuku mmoja wa zawadi na akakaa mlangoni hapo kama askari, mjomba yeyote akikaribia na mfupa anafukuzwa.

Kevo alifika saa tisa, mashosho wakapiga ngemi tano, vigelegele vya Kikuyu, hadi tenti ikatikisika. Tukamtoa Bosco kwa picha. Daktari, ulisema kweli. Aliona hicho kitu kirefu cheusi kinakuja, na mbwa ambaye sijamsikia akibweka tangu mwaka jana alibweka hadi akakohoa. Watu wakacheka, Kevo hakucheka. Alivua kofia, akachuchumaa kwenye matope, akanyoosha mkono akanyamaza. Bosco akaanzia viatu. Akanusa kiatu kimoja, akanusa cha pili, akapanda kwenye magoti, halafu akaingiza kichwa chote ndani ya gauni na akakataa kutoka.

Mpiga picha alipiga hivyo hivyo. Kwa picha kuna mathee, kuna buda, kuna Kevo amefunga macho, na kutoka chini ya gauni kuna nusu ya nyuma ya mbwa. Akauliza turudie. Mathee akachukua ile kamera akaangalia muda mrefu, akasema hapana, hapo hakuna mbwa, hapo kuna mkia tu. Iko kwenye fremu sasa, juu ya kabati, na kitambaa chake cha kushona.

Gauni lilikuwa lirudishwe Jumatatu. Jumapili usiku nimeenda jikoni kunywa maji nikampata Kevo kwenye ile meza yake ya zamani, seloteipu imezungushwa mkononi, anatoa manyoya moja moja, na chini ya meza kuna mtu anakoroma.