Nchi ikijitoa kwenye jumuiya ya biashara, hasara hasa iko wapi?

Mleta mada: Wakuu, nchi ikitaka kujitoa kwenye jumuiya ya biashara, mabishano yote huenda kwenye ushuru. Kwangu ushuru ndiyo hatari ndogo. Uingereza walipiga kura Juni 2016, asilimia 52 wakataka kutoka Umoja wa Ulaya. Wakatoka 31 Januari 2020, na mwaka ulipoisha wakawa nje ya soko la pamoja na umoja wa forodha (wanachama hawatozani ushuru, na wa nje wanamtoza ushuru uleule). Wakasaini mkataba wa ushuru sifuri. Mbona basi wauza samaki na nyama walilia? Makaratasi! Tamko la forodha, cheti cha daktari wa mifugo, uthibitisho wa asili ya bidhaa. Hilo la mwisho watu hulisahau: ukiagiza mzigo China ukabadilisha maboksi tu, ukaupeleka Ufaransa, hauhesabiwi kuwa wa Uingereza, kwa hiyo ile sifuri haikuhusu. Kampuni kubwa itaajiri mtu wa kushughulika na hayo. Mdogo anaacha kuuza nje, na hakuna gazeti litakaloandika habari zake. OBR, ofisi yao huru inayotoa makadirio ya uchumi na bajeti, inasema tija itapungua kwa asilimia 4 hivi kwa muda mrefu kuliko kama wangebaki.

Mchangiaji 1: Mkuu, hiyo 4 inalinganishwa na Uingereza ya kufikirika ambayo haikutoka. Katikati hapo pamepita Korona na gesi kupanda bei kwa vita vya Ukraine. Nani atazitenganisha hizo hesabu? Greenland ilitoka Jumuiya ya Ulaya 1985 kwa ugomvi wa samaki, na samaki wake bado wanaliwa Ulaya. Tanzania ilijitoa COMESA, soko la pamoja la nchi za mashariki na kusini mwa Afrika, mwaka 2000. Ilikufa?

Mchangiaji 2: Haikufa kwa sababu ilikuwa SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, na mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki ulianza kazi Julai mwaka huohuo. Greenland nayo ilipewa soko la samaki bila ushuru kwa kuwaruhusu Wazungu kuvua kwake. Wote wawili walikuwa na pa kushika kabla ya kuachia.

Mfano mgumu ni Mali, Burkina Faso na Niger, waliotoka ECOWAS, jumuiya ya nchi za Afrika Magharibi, 29 Januari 2025. Hawana bahari hata mmoja, mizigo yao hupita Abidjan, Dakar, Lomé, Cotonou. Ila hapa wengi hukosea: hawakutoka UEMOA, umoja mdogo wa nchi za huko zinazotumia sarafu moja. Faranga ya CFA ni ileile, na umoja wa forodha na Senegal, Ivory Coast, Togo na Benin upo palepale. Kwa hiyo wametoka nusu, na nadhani walijua wanachofanya. Waliobaki upande wa pili ni akina Nigeria na Ghana, na kwa Niger, Nigeria si jirani wa kupuuzwa.

Mchangiaji 1: Sawa, lakini kuna jumuiya zinazomnufaisha mwenye viwanda peke yake. Mwingine abaki soko tu milele?

Mleta mada: Hoja hiyo naikubali, na ndiyo iliyochangia kuivunja Jumuiya ya Afrika Mashariki ile ya kwanza 1977: malalamiko kwamba faida inaelemea Kenya. Ila tazama kilichofuata. Reli, bandari, ndege na posta zilikuwa za pamoja, na makubaliano ya kugawana mali na madeni yalisainiwa 1984. Miaka saba. Anayetaka kutoka leo aweke mezani ratiba na gharama ya hiyo miaka, ndipo tubishane kuhusu viwanda.