Ushauri wakuu: mawe ya kung'arisha niyapate wapi? Yangu yamegeuka uji

Kijana wa Raskazone
Wakuu, heshima yenu. Kaka yangu kaniletea kutoka Marekani kile kimashine cha pipa dogo kinachozungusha mawe mchana na usiku hadi yang'ae. Nikaenda ufukweni hapa Tanga, nikajaza ndoo ya mawe meupe mazuri ya duara. Siku ya saba nafungua pipa: uji mweupe, na mawe yaliyobaki ni kama punje za maharage. Shemeji yenu ananguruma kuliko mashine yenyewe. Nimekosea wapi?

Mzee wa Kokoto
Hujakosea mashine, umekosea jiwe. Hayo ni matumbawe na chokaa, ndugu wa mawe ya mapango ya Amboni hapo Tanga. Ugumu wake ni kama 3 kwenye kipimo cha Mohs (kile cha ugumu wa madini, 1 hadi 10), na ule unga wa msasa unaotia ndani ya pipa ni zaidi ya 9. Ulitegemea nini?
Siku nyingine nenda na kisu na kichupa cha siki. Dondoshea siki: likitoa povu, tupa. Lisipotoa, likwaruze kwa ncha ya kisu. Kisu kikichimba, tupa. Kisu kikiacha mstari wa kijivu unaofutika kwa kidole, hapo chuma ndicho kimelika. Weka mfukoni. Mara nyingi hiyo ni kwatzi (quartz) au akiki (agate), ugumu 7 hivi.

Mama Vito
Naongezea: lilowanishe uliangalie juani. Lenye ufa liache hata kama zuri vipi, litapasukia ndani na vipande vyake vitachubua mengine. Na yenye chembe za ulanga (mica) zinazometameta usihangaike nayo, ulanga unabanduka, jiwe linabaki na vishimo.
Kwa huko kwenu achana na pwani, panda Korogwe au Handeni, angalia makorongo yaliyokauka. Kwatzi nyeupe ipo. Mimi wa Dodoma nina upendeleo wangu: kito cha krisopresi cha Haneti, kijani kama tufaha bichi. Ila ile usiokote, nunua vipande kwa mwenye leseni.

Otieno wa Naivasha
Huku kwetu kuna kioo cheusi cha volkano, kinapendeza sana lakini kinameguka kingo. Kizungushe peke yake, usikichanganye na kwatzi. Na usiokote ndani ya hifadhi, askari wa wanyamapori hawana utani. Jiwe la Kisii, lile la kuchongea vinyago, sahau, lile hata ukucha unaliweza.

Mzee wa Kokoto
Jaza pipa theluthi mbili mpaka robo tatu, makubwa kwa madogo, yote ya ugumu mmoja. Maji yasiyafunike kabisa. Unaanza na msasa mkali, unashuka hadi laini, mwisho unga wa kung'arisha. Kila hatua wiki hivi, ya kwanza hata zaidi, na kati ya hatua osha kila kitu mpaka uchoke. Punje moja ya msasa mkali ikibaki, mng'ao huupati. Yale matope USIMWAGE kwenye sinki, yanaganda kama saruji.

Kijana wa Raskazone
Mzee, la sinki umechelewa kuniambia. Fundi bomba yupo jikoni sasa hivi.
Nilikuwa na ndoo nyingine, nimepima yote kwa siki. Yametoa povu kama soda. Yamepona saba tu, na moja limekwaruza chupa ya bia. Jumamosi naenda Korogwe.