Ulinganisho: T-TRAK, NTRAK au Free-mo kwa kikundi cha watu sita?

Mataruma
Wakuu, habari zenu. Tuko watu sita tunaopenda reli za modeli, na hakuna hata mmoja mwenye chumba cha kuweka reli ya kudumu. Tumekubaliana kila mtu ajenge moduli zake, yaani vipande vya reli juu ya ubao, azitunze kwake, na tukikutana tuziunge ziwe reli moja. Wanne tuna treni za skeli ya N (1:160, reli za mm 9), wawili wana H0 (1:87, mm 16.5).

Kabla hatujakata hata ubao mmoja naomba mnisaidie kulinganisha viwango vitatu vya moduli. Nilivyoelewa mimi ni hivi.

T-TRAK ni visanduku vya N vinavyokaa juu ya meza ya kawaida. Njia mbili zinapita mbele, na reli ni zile za Kato Unitrack zinazobanana zenyewe.

NTRAK nayo ni ya N, ilianzia California miaka ya 1970. Moduli ya kawaida ni futi 4 kwa futi 2, ina miguu yake, na njia tatu zinapita mbele: nyekundu, njano na buluu.

Free-mo ya Marekani, na FREMO ya Ulaya iliyoanza 1981, hazikupangii urefu wala umbo la moduli. Kinachobanwa hasa ni ncha zake, yaani mbao za mwisho zinazoungana na moduli nyingine.

Hatutaki treni ya kuzunguka duara mpaka watu wachoke. Tunataka behewa litoke mahali kwa sababu, lifike mahali kwa sababu. Kati ya hizi, ipi itatufikisha huko bila kutukatisha tamaa mwaka wa kwanza? Nawasilisha.

Kengele
Mkuu, anzeni na T-TRAK. Moduli fupi ina reli ya mm 310, yaani kipande cha mm 248 na cha mm 62, ila sanduku lenyewe lina mm 308. Ile mm 1 inayochomoza kila upande ndiyo uhai wake: reli hukutana kabla ya mbao, kwa hiyo ubao ukijikunja kidogo hauzuii reli kushikana. Unasukuma, unasikia "ta", umemaliza. Meza ikiwa na bonde, unazungusha skrubu za chini mpaka sanduku likae sawa.

Anayejenga kwa mara ya kwanza anaweza kuimaliza na kuibeba kwapani. Msilidharau hilo. Nimekaa kwenye kikundi kilichovunjika kwa sababu nusu ya moduli zilibaki mbao tupu miaka miwili.

Pima_Maji
Namheshimu Kengele, na hoja ya kumaliza kazi ni nzito. Ila Mataruma ameshasema hataki duara, na T-TRAK imezaliwa na duara: njia mbili, kona nne, mnaizunguka meza. Unaweza kuivunja ukaifanya iende na kurudi, lakini kila hatua unashindana na umbo lake.

Free-mo na FREMO zinaanza na swali la jinsi reli halisi inavyopita kwenye ardhi. Moduli yangu moja ni mkato wa kilima wenye kona hafifu, urefu wake haulingani na wa mtu mwingine yeyote, na inaungana na zote. Kwa H0, ncha ya Free-mo ina upana wa inchi 24 na reli iko angalau inchi 50 kutoka sakafuni. FREMO hutumia ncha za mm 500 na kimo cha mm 1300. Njia moja inapita katikati ya ncha, kwa hiyo moduli unaweza kuigeuza, mashariki ikawa magharibi, na bado ikashika. Ndiyo maana mkutano wa leo unaweza kuwa na reli tofauti kabisa na ya mkutano uliopita, wakati moduli ni zilezile. Na kile kimo kina maana yake: treni inakupita karibu na usawa wa macho, kama umesimama kando ya tuta ukiisubiri.

Inachokudai ni usahihi. Ncha za moduli yangu ya pili nilizipima kwa rula. Mezani zilionekana sawasawa. Siku ya kuiunga na ya mwenzangu, reli yangu ilikuwa juu kwa kama nusu milimita. Kichwa cha treni kilipita kwa sababu ya uzito wake. Behewa la tatu lilikuwa tupu. Gurudumu lake la mbele lilipanda mgongo wa reli, likatembea juu yake kama sentimita nne, kisha likashukia upande usio wake na kuvuta mengine mawili. Tulikagua magurudumu saa nzima. Kosa lilikuwa kwenye ncha.

Tangu hapo rula nimeiacha. Nina kigezo cha bamba la chuma chenye matundu ya bolti na alama mbili za reli, na kila ncha inatobolewa kupitia kigezo hicho. FREMO hutoboa tundu la mm 12 kwa bolti ya mm 8 kwa makusudi, ili pawe na nafasi ya kusogeza. Ukiwa unaunga, acha bolti zilegee, pitisha ukucha juu ya maungio kutoka reli moja kwenda nyingine. Ukikwama, gonga ubao kidogo kwa kiganja, pitisha tena. Ukipita bila kukwama, ndipo unakaza.

Njia_ya_Buluu
NTRAK msiitupe haraka. Kwa maonyesho ya watu wengi haina mpinzani: treni ndefu tatu zinapita kwa pamoja na watoto hawabanduki. Ila kwa mnachotaka nyinyi, nakubali, zile njia tatu sambamba hazifanani na reli ya mashambani. Moduli zake pia ni kubwa. Mtu mmoja hapandishi futi 4 kwa 2 ngazini bila msaada.

Mlinda_Njia
Mnazungumza mbao sana. Aliyeuliza anataka behewa lipate sababu, na sababu haitoki kwenye plaiwudi.

Kila behewa letu lina kadi yenye namba yake, na kadi ina mfuko mdogo. Ndani ya mfuko inaingia hati ya mzigo: saruji, kutoka kiwandani kwenda stesheni fulani. Hati ina pande nne. Behewa likifika na kupakuliwa, hati inageuzwa, na upande mpya unasema lirudi tupu, au lipelekwe kwenye ghala la nafaka. Hakuna anayebuni lolote papo hapo. Ukisimama yadini, pale mabehewa yanapopangwa, na rundo la kadi mkononi, unajua kila behewa lililo mbele yako linakwenda wapi.

Halafu kuna simu. Stesheni masta hatumi treni kwa kuona tu kwamba njia imenyooka. Anampigia jirani yake: "Naomba kutuma 214, njia iko wazi?" Jirani anatazama njia zake, anajibu, "Iko wazi, nasubiri 214," na wote wawili wanaandika saa kwenye daftari. Mara ya kwanza kushika stesheni nilimkubalia jirani huku njia yangu ya kupishana ina mabehewa matano. Dereva alisimama nje ya stesheni yangu dakika nyingi za saa ya kasi (saa ya ratiba yetu, inayokwenda haraka kuliko ya kweli), ananitazama kimya, nami natoa mabehewa mawilimawili. Nilielewa siku hiyo kwa nini stesheni masta wa kweli huandika kila kitu.

Saa ya kasi tunaiendesha mara nne, dakika 15 za kweli ni saa nzima ya ratiba. Sababu ni umbali: kilomita moja ya H0 ni mita 11.5 tu, na kwa saa ya kawaida ratiba ingekuwa ya sekunde. Treni yenyewe msiikimbize. Kilomita 60 kwa saa ni kama sm 19 kwa sekunde kwa H0, na sm 10 hivi kwa N. Wengi hushangaa wanapoona ilivyo polepole.

Kwa hiyo, Mataruma, kabla ya kiwango chochote kubalianeni urefu wa treni yenu ndefu kuliko zote. Njia za kupishana lazima ziuzidi. Kisha jengeni stesheni mbili na yadi moja kila mwisho. Watu sita wanatosha kabisa: wawili stesheni, wawili yadi, wawili madereva.

Waya_Mbili
Niongeze umeme, maana hapo ndipo jioni nyingi zinaharibika. Tumieni DCC, yaani uendeshaji wa treni kwa amri za kidijitali zinazopita kwenye reli, tangu siku ya kwanza. Kwa umeme wa kawaida unaendesha reli, yaani kila kichwa kilichomo kwenye kipande hicho kinakwenda. Kwa DCC unaendesha kichwa chenyewe kwa namba yake, hivyo madereva wawili wanaweza kukutana stesheni moja bila kukatakata njia kwa swichi.

Ila msidanganye kwenye unene wa waya. Piga hesabu: reli ya mita 20, kwenda na kurudi ni mita 40 za shaba. Kwa waya wa mm² 0.5 na mkondo wa ampea 3 unapoteza kama volti 4. Kwa waya wa mm² 2.5 unapoteza chini ya volti 1. Kila kipande cha reli kilehemewe waya wake kwenda kwenye waya mkuu, msitegemee viungio vya reli kupitisha umeme. Kisha fanyeni jaribio la sarafu: ilaze juu ya reli mbili mwisho kabisa wa njia. Mtambo usipokata mara moja, shoti ya kweli siku moja itayeyusha kitu.

Mataruma
Asanteni sana. Nimeona Free-mo ndiyo inayobeba tunachokitaka, na kumbe ipo ya N pia, Free-moN. Kinachoniumiza kichwa ni wenzetu wawili wa H0. Kuchanganya skeli haiwezekani?

Pima_Maji
Msichanganye. Hazitaungana kamwe, mtakuwa vikundi viwili ndani ya chumba kimoja.

Tuta
Mimi ni mmoja wa hao wawili, nimejiunga leo ili nijibu mwenyewe. Treni ya mita 300 kwa H0 ni karibu mita 3.4. Kwa N ni chini kidogo ya mita 1.9. Ukumbi tunaokutania nimeupima, stesheni mbili za H0 zenye njia za kupishana za kweli zinaujaza na madereva hawana pa kusimama. Nakuja N. Vichwa vyangu vya H0 nitavitunza, lakini naomba mnipe yadi ya mwisho wa magharibi.

Mataruma
Yadi ya magharibi ni yako, ndugu. Treni yetu ndefu itakuwa mita 1.5, njia za kupishana mita 1.8. Jumamosi tunatengeneza kigezo kimoja na kutoboa ncha zote kumi na mbili za kuanzia siku hiyohiyo. Pima_Maji, plaiwudi ya ncha iwe nene kiasi gani?

Pima_Maji
Mm 15 au zaidi, na uikague kwanza kama haijapinda. Ncha zote atoboe mtu mmoja. Na mtoboe kabla ya kufunga sanduku. Likishafungwa, kigezo hakikai vizuri kwenye pembe.