Ndege akishaongezeka, aondolewe ulinzi wa sheria?

Mleta mada
Wakuu, tujadili hili bila matusi. Oktoba 2019 Marekani ilimwondoa Kirtland's warbler kwenye orodha ya viumbe walio hatarini kutoweka. Ni ndege mdogo wa kifua cha njano, na karibu wote huzaliana kaskazini mwa jimbo la Michigan. Mwaka 1974, na tena 1987, walihesabiwa madume 167 tu (huhesabiwa kwa kusikiliza, kwa kuwa dume ndiye anayeimba). Lengo lilikuwa jozi 1,000. Siku anaondolewa, jozi zilishapita 2,000.

Wengi walishangilia. Mimi napinga. Ndege huyu hutaga chini, kwenye misonobari michanga ya jack pine, ya miaka mitano hadi ishirini hivi. Ikizeeka, anahama. Zamani moto wa porini ulifyeka msitu, na joto lake likafungua koni zilizoshikwa na utomvu, mbegu zikamwagika. Binadamu akaja akazima moto, misonobari ikazeeka. Leo kazi ya moto inafanywa na misumeno na watu wanaopanda miche, takriban hekta 1,500 kwa mwaka. Wakiacha, ndege anaisha. Sheria ikishaondoka, nani atawalazimisha?

Wakili Msomi
Mkuu, kwa hoja yako orodha inakuwa kaburi: ukiingia hutoki. Sheria yenyewe ya 1973, ya viumbe walio hatarini kutoweka, inataka kiumbe afikishwe mahali asipoihitaji tena. Asipotoka hata mmoja, wanaoipinga watasema haifanyi kazi, na hapo tutawapoteza wote. Isitoshe hakuachwa mtupu. Sheria ya ndege wahamao ya 1918 bado inakataza kumuua, na mashirika ya serikali kuu pamoja na jimbo yalishaahidi kwa maandishi kuendelea kupanda. Miti yenyewe huvunwa na kuuzwa, kwa hiyo si hasara tupu.

Mleta mada
Ahadi ya maandishi! Sheria ya 1918 inakukataza kumpiga risasi, haikulazimishi kupanda mche hata mmoja. Halafu kuna daraja la kati, la viumbe walio tishioni. Wangemshusha hapo kwanza, bajeti ikipungua watetezi wake wawe na cha kushikia mahakamani. Haraka ya nini?

Mama Zawadi
Mnabishana vifungu mmesahau watu. Mei 5, 1980, karibu na Mack Lake, huko huko Michigan, maofisa wa misitu waliwasha moto makusudi ili kumtengenezea ndege huyu makazi. Ukawashinda. Nyumba zaidi ya arobaini ziliungua na mfanyakazi mmoja akafa. Kinachouma zaidi ni kwamba miaka kumi baadaye, misonobari iliyoota kwenye majivu yale ndiyo iliyowazidisha hao ndege. Mimi sisemi aachwe afe. Nasema sheria inayomlinda ndege iandike pia nani anamlipa mwenye nyumba.

Na cowbird je? Anataga kwenye viota vya wenzake kama kekeo wetu, na tangu 1972 walinasa na kuua maelfu yao. Naye si ndege?

Wakili Msomi
Mama, hilo la cowbird linanisaidia mimi. Bila mitego ile, viota vingi vilikuwa vinalea makinda ya mgeni. Lakini walipojaribu kuisimamisha, karibu na 2018, cowbird hawakurudi kwa fujo kama ilivyohofiwa. Maana yake msaada mwingine una mwisho. Huwezi kujua upi mpaka uuondoe.

Mleta mada
Kwenye mitego sawa, ukikosea unairudisha mwaka unaofuata. Kwenye msitu, mwaka usiopanda utaliona pengo lake miaka sita mbele, na wakati huo ofisa aliyekata bajeti keshahamishwa.

Mtaita wa Wundanyi
Nawasoma tu. Huko wanapanda misonobari kwa ajili ya ndege. Huku Milima ya Taita, Kenya, mashamba na misonobari ya kigeni ndivyo vilivyokula msitu wa asili, na ndege wetu Taita apalis, asiyeishi popote pengine duniani, kabaki kwenye vipande vipande. Mleta mada, kwa huyu utaanza na sheria, au na kumlipa mwenye shamba aache msitu uote?

Mleta mada
Nitaanza na mwenye shamba, ndugu yangu. Ila malipo yake yaingie kwenye bajeti kila mwaka kwa amri ya sheria, yasingoje mfadhili.